Mganga, Mitishamba na Afya ya Jamaa: Mafunzo ya Bandari ya Bujumbura

Mgeni ashukaye katika Bandari ya Bujumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, akiuliza kwa Kirundi aliko muganga, ataelekezwa hospitali. Kwa Warundi, umuganga ni daktari aliyesoma chuoni. Mtu anayechimba mizizi na kuchuma majani ili kutibu huitwa umuvuzi. Anayepiga ramli na kudai kufichua yaliyofichika huitwa umupfumu. Na yule anayeaminiwa kuwadhuru wenziwe kwa sumu na uchawi huitwa umurozi. Hayo ni majina manne kwa kazi nne zisizofanana.

Sisi wasemaji wa Kiswahili neno letu ni moja, nalo limebebeshwa mzigo mkubwa. Mganga Mkuu wa Wilaya ni daktari wa Serikali. Mganga wa kienyeji ni mtu wa mitishamba. Na mpiga ramli naye hujitangaza kuwa mganga. Neno hili lina ukoo mpana. Hata Wafang wa Gaboni, Kameruni na Guinea ya Ikweta, walio upande wa pili wa bara letu, wana neno la asili hiyo hiyo kwa mtabibu wao wa jadi.

Ndugu msomaji, jambo hili si la lugha tu. Nyumba inaposhindwa kuwatenganisha watu hao, gharama yake hulipwa na mgonjwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mifano ya Bujumbura na mwambao wa Tanganyika, kwamba ujuzi wa mitishamba ni mali halisi ya wazee wetu, na kwamba ipo njia nyepesi ya kuutenga na udanganyifu.

ZIWA LA NCHI NNE

Bujumbura ilianza kuwa kituo cha askari wa Kijerumani mwaka 1897, na kwa muda mrefu ikajulikana kwa jina la Usumbura. Bandari yake hupokea vyombo kutoka Kigoma ya Tanzania, Kalemie ya Kongo na Mpulungu ya Zambia. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina cha meta 1,470. Ni la pili kwa kina duniani. Mabaharia, wachuuzi, wavuvi wa dagaa na askari wa nchi nne wamelivuka vizazi hata vizazi, na pamoja na bidhaa zao walichukua lugha, dini na dawa. Ndiyo maana katika mtaa wa Buyenzi, ambao ni ngome ya Kiswahili mjini Bujumbura, majina ya mitishamba huweza kusikika kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa lugha za Kongo.

Wenyeji wa Burundi wana hazina kubwa ya miti-dawa. Mwaka 1989 Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati lililoko Tervuren, Ubelgiji, lilichapisha kazi ya Martine Baerts na Jean Lehmann kuhusu matabibu wa jadi na mimea ya dawa katika milima inayotenganisha maji ya Mto Kongo na ya Mto Nili nchini Burundi. Wataalamu hao walikwenda kwa matabibu wenyewe, wakaandika majina ya mimea, maradhi yanayotibiwa na namna ya kutayarisha dawa. Kazi ya aina hiyo ni muhimu mno, kwa sababu mzee akifariki bila kumrithisha mtu ujuzi wake, maktaba nzima huzikwa pamoja naye.

MMEA WENYE JINA

Mmoja wa mimea maarufu katika Burundi na Rwanda ni umuravumba, ambao wataalamu wa mimea huuita Tetradenia riparia. Ni kichaka chenye majani ya harufu kali, na watu wengi huupanda uani kama mama wa pwani apandavyo mchaichai. Wazee huutumia kwa kikohozi, homa na maumivu ya tumbo. Katika miaka ya 1970 na 1980 wanasayansi waliokuwa Butare, nchini Rwanda, wakiongozwa na Luc Van Puyvelde, waliuchunguza kwa makini, wakatoa ndani ya majani yake kiini kilichoonyesha katika maabara kwamba chaweza kuzuia baadhi ya vijidudu.

Mmea wa pili ni umubirizi, ambao kwa sayansi ni Vernonia amygdalina. Waganda huuita mululuza, na Watongwe wa mkoa wa Kigoma huuita mjonso. Majani yake ni machungu kama shubiri. Juu ya mmea huu ipo habari ya kweli ambayo yafaa kila mtoto wa mwambao wa Tanganyika asimuliwe.

Mwezi wa Novemba 1987, katika Milima ya Mahale, kusini ya Kigoma, watafiti wawili walikuwa wakiwafuata sokwe porini. Mmoja alikuwa Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Wa pili alikuwa Mohamedi Seifu Kalunde, Mtanzania wa kabila la Watongwe, mtumishi wa hifadhi, ambaye jamaa zake walikuwa matabibu wa jadi. Walimwona sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku, akiwa mnyonge na mgonjwa, akiuendea mjonso, akimenya maganda ya tawi changa, akatafuna kiini chake na kumeza maji yake machungu. Mzee Kalunde alitambua mara moja kwamba hiyo ilikuwa dawa ya kwao, inayotumiwa na Watongwe kwa maradhi ya tumbo na minyoo. Siku iliyofuata sokwe yule alikuwa amepata nguvu, akila na kutembea kama kawaida. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989 kwa majina ya watu wote wawili, profesa na mzee wa kijijini.

Uchunguzi uliofuata uliofanywa na wanasayansi wa Kijapani ulionyesha kwamba mmea huo una viini vinavyowadhoofisha minyoo. Ulionyesha pia jambo jingine la kutafakari. Sokwe mgonjwa hutafuna kiini cha tawi tu, naye huacha majani na maganda, kwani majani yana kitu kikali zaidi chenye sumu. Basi hata mnyama wa porini anajua kwamba dawa ina sehemu yake na kiasi chake. Itakuwaje mwanadamu achemshe mzizi, majani na gome katika sufuria moja, kisha amnyweshe mtoto kikombe kizima?

SANDUKU LA LIVINGSTONE

Wako wanaodhani kwamba dawa ya hospitali na dawa ya miti ni maadui. Historia ya ziwa letu yaonyesha vingine. Kilometa zipatazo 12 kusini ya Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe kubwa lenye tarehe ya Novemba 25, 1871. Hapo ndipo David Livingstone na Henry Morton Stanley walipolala wageni wakati wakilichunguza ziwa.

Livingstone alikuwa daktari kwa kusomea. Mnamo Januari 1867, akiwa njiani katika nchi ambayo leo ni Zambia, sanduku lake la dawa liliibwa, naye akaandika katika shajara yake kwamba alijiona kama aliyehukumiwa kifo. Ndani ya sanduku lile kitu cha thamani kuliko vyote kilikuwa kwinini. Na kwinini ni nini? Ni dawa ya gome la mti wa milima ya Amerika Kusini, ambao wenyeji wa huko waliujua kabla Mzungu hajajua. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikitenga kiini chake, na tangu hapo ikawezekana kukipima. Baadaye, wakati wa ukoloni, Wabelgiji walipanda miti hiyo ng'ambo ya ziwa huko Kivu, na mjini Bukavu kikajengwa kiwanda cha kwinini.

Hali kadhalika dawa mseto ya malaria, ambayo Burundi iliichagua mwaka 2003, ina asili ya majani. Kiini chake kimoja hutokana na mmea wa Kichina uitwao Artemisia annua. Mama Tu Youyou wa China alisoma vitabu vya waganga wa kale, akafanya majaribio mengi, akakipata kiini hicho. Mwaka 2015 akatunukiwa Nishani ya Nobel. Lakini tusikosee hapo. Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya majani hayo itumike kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha dawa kilichomo katika kikombe hakijulikani, na dawa pungufu humwachia mdudu nafasi ya kujenga usugu. Hilo ni onyo kubwa kwa nchi kama Burundi, ambayo mwezi wa Machi 2017 ililazimika kutangaza kuwa malaria imefikia kiwango cha janga.

UGONJWA USIOSUBIRI

Watu wa bandarini wanaufahamu ugonjwa wa kipindupindu. Mwambao wa Tanganyika, kuanzia Bujumbura na Rumonge hadi Uvira na Kalemie, umepigwa mara nyingi, na tarehe 1 Januari 2023 Serikali ya Burundi ilitangaza tena mlipuko. Katika maradhi haya mgonjwa huharisha na kutapika hata mwili ukaishiwa na maji, na mtu mzima mwenye afya njema anaweza kufa kwa muda wa saa chache. Hapo hakuna nafasi ya kumsubiri mpiga ramli atazame maji katika bakuli aseme ni jirani gani aliyetuma ugonjwa. Mtuma ugonjwa ni vijidudu vilivyomo katika maji na chakula kichafu.

Dawa ya kwanza imo jikoni. Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa; tia vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi; koroga hadi viyeyuke. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo, bila kuacha, huku safari ya kwenda kituo cha afya ikitayarishwa. Ikiwa kuna pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini, zitumie hizo badala yake. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya.

MAJI YA RISASI NA BIASHARA YA DAMU

Kwa askari wetu yapo mambo mawili ambayo hayawezi kuachwa bila kutajwa. La kwanza ni dawa ya vita. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa wapiganaji wa kusini ya Tanganyika maji aliyosema yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Ushujaa wa wazee wale ni wa kuheshimiwa, na maji yale yaliunganisha makabila mengi katika vita vya Maji Maji. Lakini risasi hazikugeuka. Miaka 60 baadaye, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, wapiganaji wa Kongo waliendelea kutegemea dawa ya namna hiyo. Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma mwaka 1965 ili kupigana pamoja nao, aliona kwamba dawa hiyo ilidhuru nidhamu. Aliyepigwa risasi aliambiwa kwamba amevunja mwiko, hivyo lawama ikamwangukia majeruhi, wala si mganga. Huo ndio mtego wa kila dawa ya uongo, vitani na nyumbani: ikishindwa, mwenye kosa daima ni mgonjwa.

La pili ni uhalifu wa kutisha. Mwaka 2008 watu wenye ualbino walianza kuuawa katika mikoa ya mashariki ya Burundi iliyopakana na Tanzania, kwa sababu wapiga ramli wamewaaminisha watu kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri. Mwezi wa Julai 2009 mahakama ya Ruyigi iliwahukumu washitakiwa kadhaa vifungo, mmoja wao kifungo cha maisha. Nchini Tanzania, Januari 2015, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli kutokana na mauaji kama hayo. Askari polisi anayemkamata mtu wa namna hii hapigi vita tiba ya jadi; anailinda. Aidha, mtu yeyote anayesikia habari za biashara hiyo, hata kama aisemaye ni jamaa yake, ana wajibu wa kwenda kituoni siku hiyo hiyo.

KIPIMO CHA NYUMBANI

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilitambua kwamba matabibu wa jadi wanaweza kuwa na nafasi katika huduma za afya ya msingi, pale wanapohitajiwa na baada ya kupewa mafunzo yafaayo. Tanzania ilikuwa imekwisha anzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, ambacho sasa ni Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili. Na mwaka 2002 ikatunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Tangu mwaka 2003, tarehe 31 Agosti huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Tiba Asili ya Afrika. Basi tabibu mwema hana sababu ya kujificha, na jamaa haina sababu ya kuona haya kumwuliza maswali. Maswali yenyewe ni haya:

1. Mmea huu unaitwaje? Dawa iliyo na jina inaweza kuchunguzwa, na mtu akidhurika daktari atajua pa kuanzia. Unga mweusi usio na jina ni kitendawili ndani ya tumbo.

2. Ni sehemu gani ya mmea, na kiasi gani? Upo mmea mmoja utambaao, Phytolacca dodecandra, ambao Waethiopia huuita endod. Dakta Aklilu Lemma aligundua mwaka 1964 kwamba matunda yake huwaua konokono wanaobeba kichocho. Lakini mmea huo huo, mtu akiunywa bila kujua, huweza kumuua. Kati ya dawa na sumu mara nyingi kilichopo ni kipimo tu.

3. Nisipopona nifanye nini? Tabibu mwaminifu atasema, "Usipopata nafuu, nenda hospitali." Yule asemaye, "Ukienda hospitali dawa yangu itaharibika," anataka kulinda fedha zake.

4. Je, anataka kukutajia mchawi? Hapo ondoka. Majani hutibu mwili. Jina la jirani halikutibu chochote, bali huvunja nyumba mbili kwa mpigo.

Zaidi ya hayo, yako mambo ambayo mama wa nyumbani asiyajaribu kabisa kwa mitishamba: homa ya mtoto mchanga, degedege, kutokwa na damu kwa mama mjamzito, kuumwa na nyoka, na kuharisha kusikokoma. Mgonjwa wa kifua kikuu au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI asiache dawa zake kwa ahadi ya mtu yeyote. Na kila anayekwenda hospitali baada ya kunywa mitishamba amwambie daktari bila kuficha, kwani mitishamba mingine hugongana na vidonge. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Daktari naye ana sehemu yake. Mgonjwa akikemewa na kuitwa mshenzi kwa kuwa alikunywa umubirizi, mara ya pili hatasema ukweli, na huenda asirudi. Kumwuliza kwa upole kunamgharimu daktari dakika moja.

Zipo familia za askari zinazohamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, mbali na bibi na babu waliozijua dawa za kwao. Zikifika mahali pageni, hukutana na watu wengi wanaojiita waganga, na hakuna mzee wa ukoo wa kuwachuja. Kwao, hekima ya Bujumbura yafaa sana. Kwanza mtofautishe umuganga na umuvuzi, na muwaheshimu wote wawili, kila mmoja katika kazi yake. Kisha mtofautishe umuvuzi na umupfumu. Anayekutajia mmea, kiasi na siku ya kwenda hospitali, msikilize. Anayekutajia adui, mwache mlangoni.